Kiroba, daftari la hesabu na nyumba ya tembe: ninapopata mawazo ya mifarishi yangu

Wateja wanaofika barazani kwangu hapa Chang'ombe, Dodoma, huniuliza: "Mama, haya mawazo unayatoa wapi?" Huwa nawaonyesha kiroba cha kilo 25 kilichoegemea meza ya cherehani. Kilikuwa cha unga, sasa kimejaa mabaki ya vitambaa. Wengi hudhani nawatania.

Kazi yangu ni fundi nguo. Magauni, sare za shule, kubana suruali zilizonunuliwa mnadani, hiyo ndiyo inayonilisha. Mifarishi, yaani yale mablanketi ya viraka, niliianza alipozaliwa mjukuu wangu wa kwanza mwezi wa Julai. Julai ya Dodoma unaijua: mchana jua, usiku upepo unatafuta kila upenyo. Blanketi la dukani nililoliona zuri lilinizidi bei, nikafungua kiroba. Sijakifunga tena.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuanza na mabaki, kabla ya kitabu na kabla ya picha za kwenye simu. Ukianza na picha utatafuta kitambaa kama cha pichani, hutakipata, utakata tamaa. Ukianza na mabaki, rangi zimeshakuamulia nusu ya kazi.

Mabaki yana misimu yake kama mahindi. Desemba na Januari, kabla shule hazijafunguliwa, mafundi wote wanashona sare, na chini ya meza zao kuna kaki, bluu ya bahari na mashati meupe. Ukifika msimu wa harusi unaanza kuona satini na lesi. Hizo ziache, zinachomoka nyuzi na kuteleza chini ya sindano. Vitenge hupatikana mwaka mzima. Mimi hupita kwa mafundi wa karibu na soko la Majengo Jumamosi jioni kabla hawajafagia. Siendi mikono mitupu. Nikiwa na karanga za kukaanga napeleka, nikiwa na zabibu za msimu napeleka. Fundi mmoja siku hizi ananitengea vipande virefu pembeni, ananiambia, "Mama, hivi vyako, vifupi nimewashia jiko."

Ukifika nyumbani, osha kwanza. Kitenge kipya kina wanga na kanga nyekundu hutoa rangi. Mfarishi wangu wa pili niliushona bila kuosha, kanga nyekundu ikalala jirani na shati jeupe la sare, na siku ya kufuliwa mara ya kwanza shati likageuka waridi. Wengine huloweka kwenye chumvi. Mimi naosha tu mpaka maji yatoke meupe, kisha nasugua kitambaa kibichi kwenye kitambaa cheupe. Kikiacha alama, kinarudi kwenye beseni.

Na ukikata kanga, isome. Kanga ina pindo, ina mji wa katikati, na ina jina, yale maneno ya chini. Niliwahi kukata viraka kwa haraka kutoka kanga ya zamani, nikamshonea mtoto mchanga mfarishi mzuri kweli. Bibi yake alipoukunjua, katikati ya kiraka kimoja palikuwa na neno CHUKI peke yake, maneno mengine yote yameishia kwenye mkasi. Aliurudisha siku hiyo hiyo na hakusema mengi, ila nilimwelewa. Nilifumua, nikaweka kiraka cha kaki.

Sasa mawazo yenyewe. Nina daftari la hesabu, lile la shule ya msingi lenye miraba midogo. Kila siku najaza mchoro mmoja, mdogo, miraba kumi kwa kumi, kwa penseli. Sitafuti kitu cha ajabu. Nachora nilichokiona siku hiyo: matofali yaliyopangwa kwenye tanuri, ukili wa mkeka wa jirani, mistari ya shamba la zabibu ukilitazama ukiwa ndani ya daladala, vibuyu vya maziwa vilivyofungwa shanga. Siku nyingine nachora ubao wa bao. Michoro mingi ni mibaya na haitashonwa kamwe. Haidhuru. Jicho linazoea kuona kitu kama miraba na pembetatu, na siku ukikaa kwenye mashine huanzi sifuri.

Mchoro ulionipa kazi nyingi kuliko yote niliuchora Mvumi, kwa mama mkwe. Nyumba ya tembe ya Kigogo ukiifikiria kwa juu ni mraba ndani ya mraba: katikati ua wanapolala ng'ombe, kuzunguka ua vyumba, juu paa bapa la miti na udongo. Niliichora, nikaiweka. Miezi baadaye nilinunua kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na Jamatini kitabu cha ushonaji wa viraka kutoka Marekani, shilingi elfu mbili, jalada limeng'oka. Ukurasa wa ishirini na kitu nikakutana na tembe yangu! Wao wanaueleza mchoro huo kama kibanda cha magogo, na kipande chekundu cha katikati ni moto wa jikoni. Baadaye nikajifunza kwamba kwenye jimbo la Alabama kuna kijiji cha Gee's Bend, wanawake weusi waliokuwa wakishona mifarishi kwa nguo kuukuu za shamba, jinzi zilizochakaa magoti na mashati ya kazi, na mchoro huo huo kwao ni paa la nyumba. Mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa kwenye jumba la makumbusho la Houston, na mwaka 2006 ikatolewa kwenye stempu za Marekani. Kule magogo, kule paa, kwetu ua wa ng'ombe.

Ndiyo maana nasema vitabu vya ufundi visomwe, lakini kwa namna yake. Kitabu changu kinasifia theluji, majani yanayobadilika rangi, nyota za Krismasi. Nikifuata hayo nitashona nchi nisiyoijua. Mimi huziba rangi kwa kiganja, naangalia umbo tu, kisha nauliza: hili hapa Dodoma ni nini? Pembetatu zao za theluji, kwangu ni vilima vya kuelekea Kondoa. Ukurasa mmoja kwa wiki unatosha. Ukisoma kitabu kizima kwa usiku mmoja utaota mifarishi kumi na hutashona hata mmoja.

Kitu ambacho usikibadilishe ni vipimo. Hapo niliumia. Sisi mafundi nguo tumezoea kuacha nusu inchi ya mshono. Kitabu kinataka robo inchi. Niliona robo ni ubahili, nikaacha nusu kama kawaida, na kila mraba uliotakiwa kutoka inchi 12 ukatoka inchi 9. Nikalaumu futikamba, nikalaumu mkasi, nikabadilisha chaki. Mpaka nilipokaa na kalamu ndipo nikaona kwamba kila mshono ulikuwa unakula zaidi, na mishono hii ya nusu inchi ilikuwa mingi.

Basi, hivi ndivyo ninavyoshona mraba mmoja wa tembe. Kata ua, yaani kile kipande cha katikati, mraba wa inchi 3, rangi moja kali. Kata kanda za upana wa inchi 2, urefu wowote ulio nao. Fuata uzi wa kitambaa. Ukikata hanamu ukanda utavutika na tembe itapinda. Weka ukanda wa kwanza ubavuni mwa ua, uso kwa uso, shona robo inchi, piga pasi, kata ziada. Geuza kazi robo duara, weka wa pili, ukivuka na kichwa cha ule wa kwanza. Endelea mpaka pande nne zimezungukwa. Pima: lazima uwe na inchi 6. Mzunguko wa pili unakupa 9, wa tatu 12. Kila mzunguko unaongeza inchi tatu kamili, kwa hiyo kosa unaliona mapema. Mraba mmoja hula inchi 90 za ukanda. Miraba tisa, mitatu kwa mitatu, inatoa mfarishi wa mtoto wa inchi 34 na nusu, na itakula kanda za karibu futi 68. Zikusanye zote kabla hujaanza, usije ukaishia na tembe nane.

Rangi zipange hivi: pande mbili zinazopakana ziwe za giza, mbili nyingine za mwanga, kama nyumba iliyopigwa jua la asubuhi. Tandaza chini, simama mbali, finya macho. Ukiona vyote vimekuwa uji mmoja, vya giza havijawa giza vya kutosha. Kaki ya sare ni ya ajabu hapo, inakaa katikati na kupatanisha vitenge vinavyogombana.

Rangi zangu mbili nizipendazo nilizipata Kolo. Nilikuwa naenda harusini Bereku, tukashuka kutazama michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Watu warefu wembamba, wanyama, vyote kwa wekundu wa udongo, na juu yake kwa mahali pengine michoro myeupe ya watu waliokuja baadaye, wala hawakufuta ya wenzao. Niliporudi nilitafuta kitenge cha wekundu ule wiki tatu nzima. Hakikupatikana. Nilikipata kwenye shuka kuukuu la kijana mchunga ng'ombe, mama yake alikuwa analitupa.

Tabaka tatu za mfarishi zinapangwa hivi. Chini shuka la zamani, kubwa kuliko kazi kwa inchi mbili tatu kila upande. Katikati vitabu vinataja pamba maalumu. Mimi naweka blanketi jepesi lililochakaa, na kwa usiku wa Juni linatosha. Juu, kazi yako. Tandaza kwenye mkeka, weka mawe pembeni, piga bandi, ile mishono mirefu ya muda ya kushikiza, kuanzia katikati kwenda nje ili mikunjo isukumwe mpaka ukingoni. Kisha shona mistari juu ya mishono ya tembe, sindano namba 16, hatua ndefu kidogo, bila kuvuta kwa mkono. Upindo: ukanda wa inchi 2 na nusu, ukunjwe katikati, ushonwe usoni na kugeuziwa nyuma. Mfarishi huu unahitaji inchi 150 hivi. Nyuma namalizia kwa mkono na subana kidoleni, jioni, redio ikiongea.

Kama huna cherehani, usinitumie salamu za kusikitika. Wasiddi wa Karnataka, India, ambao asili yao ni Waafrika, wanashona mifarishi iitwayo kawandi kwa mkono mtupu. Huanzia pembeni. Unatandaza kitambaa cha nyuma, unaanza kona moja, unakunja ukingo wa kiraka ndani, unakipigia mishono midogo ya kupenya chini juu, kinachofuata kinafunika kidogo kilichotangulia, unazunguka ukingo mzima mpaka mzunguko unafika katikati na kufunga. Kwenye pembe nne wanaweka pembetatu ndogo za kitambaa kilichokunjwa, wanaziita phula, maua. Nilijaribu kwa vitenge, ukanichukua Kwaresima nzima, nao ni mzito na laini kuliko wowote niliopitisha kwenye mashine. Huo hauuzwi. Naulalia mwenyewe.

Ukifua, anika kivulini. Jua letu halibakizi rangi.

Desemba inakaribia na kaki itakuwa nyingi. Kiroba nimeshakifua, kinakauka kwenye kamba nyuma ya nyumba.