Somo: Namna ya kuwafundisha waendeshaji wa visima usalama wa maji ya ardhini

Wakuu, habari za kazi. Somo hili ni kwa mafundi na wakufunzi wanaokaa na waendeshaji wa skimu za vijijini, wale walio chini ya vyombo vya jamii tunavyoviita CBWSO. Tangu Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 ilipoanzisha RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, vyombo hivi vimekabidhiwa dhamana kubwa, lakini mafunzo mengi ninayoyaona yanaishia kwenye pampu na mapato. Mwendeshaji anajua kuwasha sola na kusoma mita, ila hajaambiwa kwa nini choo cha jirani kinamhusu. Maji ya kisima kirefu hutoka maangavu, na watu huyaamini kwa macho. Hapo ndipo hatari ilipo.

Hatua ya 1: Karatasi mbili mezani. Kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde, na majibu ya maabara ya kisima chenyewe. Kila mmoja ayashike na kuyasoma. Kutoka kiwango cha maji ya kunywa cha TBS (Shirika la Viwango Tanzania), TZS 789, wakumbuke kwanza mambo mawili: E. koli, bakteria wa kinyesi, isiwepo hata moja katika mililita 100, na floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hili la floraidi lielezeni vizuri. Nchi yetu iliwahi kuruhusu miligramu 8 kwa maji ya vijijini, ikashuka hadi 4, ndipo ikafika 1.5. Kwa hiyo kisima kilichopasishwa zamani huenda leo hakipasi, na cheti cha zamani hakimlindi mtu.

Hatua ya 2: Kisimani, kwa miguu. Nusu ya mafunzo iwe hapa. Kila mtu ashike fomu ya ukaguzi, ajibu ndiyo au hapana. Zege limepasuka? Mwageni ndoo ya maji juu yake mtazame: yakitambaa hadi kwenye kesingi (bomba linaloshikilia kuta za kisima) na kupotea, maji ya mvua nayo yanapita hapohapo. Uzio upo, au ng'ombe wanalala pale? Choo kiko umbali gani? Mita 30 ndio mwongozo wa kawaida, lakini kikiwa upande wa juu wa mteremko, au penye mwamba wenye nyufa, mita hizo hazitoshi.

Kisha wainame waangalie mdomo wa kisima, pale waya wa pampu unapoingia. Mara nyingi utakuta tundu limezibwa kwa kitambaa au mfuko wa nailoni. Mende, mijusi na maji machafu huingia hapo. Kifuniko chenye mpira wa kuziba si gharama kubwa, na mimi ningekinunua kabla ya klorini.

Hatua ya 3: Klorini kwa hesabu. Kukadiria kwa kijiko kukome. Miligramu 1 kwa lita ni sawa na gramu 1 kwa lita 1,000. Tenki la lita 10,000, kwa dozi ya miligramu 1, linataka gramu 10 za klorini halisi. Unga wenu wa klorini ukiwa wa asilimia 65, gawanya 10 kwa 0.65: gramu 15 na kidogo. Tumieni ndoo ya plastiki, nje penye hewa, na mtie unga kwenye maji. Kamwe msiumwagie unga maji. Mimineni tenkini, msubiri dakika 30. Halafu pimeni klorini iliyobaki kwa kidonge cha kupimia cha DPD namba 1 kwenye kilula (bomba la kuchotea maji) cha mwisho kabisa: rangi ya waridi ionyeshe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Kupima tenkini peke yake hakutoshi.

Hatua ya 4: Sampuli. Chupa ya maabara iliyotakaswa, koki ichomwe moto kama ni ya chuma, maji yatiririke dakika moja au mbili, kidole kisiguse mdomo wa chupa. Iwekwe kwenye boksi la barafu, ifike maabara siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Daftari. Tarehe, kipimo, aliyepima, kilichofanyika. Basi.

MASWALI

*Mkuu, huku Arumeru floraidi ni tatizo. Tukiongeza klorini itapungua?*
Hapana, ndugu yangu. Klorini inaua vijidudu tu. Kuchemsha nako kunaongeza, kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki. Njia ni kuchanganya na chanzo chenye floraidi kidogo, au kuchuja kwa mkaa wa mifupa. Mko karibu na kituo cha Ngurdoto cha utafiti wa kuondoa floraidi. Wapelekeni waendeshaji wakajionee.

*Wananchi wanakataa maji, wanasema yananuka dawa.*
Dada, pima kwanza. Ikizidi 0.5, punguza dozi. Ikiwa sawa, pima mbele yao pale kilulani na uwaache akina mama wasome rangi wenyewe.

*Mafuriko yamefunika kisima chetu. Tuanzie wapi?*
Fungeni huduma, safisheni, zibeni mdomo. Kesingi ya milimita 150 hubeba karibu lita 17.7 kila mita. Kina cha maji kisimani kikiwa mita 60, ni kama lita 1,060. Kwa dozi ya miligramu 50 kwa lita mnahitaji gramu 82 za unga wa asilimia 65, ukishayeyushwa. Acheni usiku kucha, kisha vuteni maji hayo mpaka harufu iishe, mbali na bustani na mito. Msifungulie watu kabla ya majibu ya maabara.

*Majibu yakija mabaya na mwenyekiti akasema tukae kimya?*
Usikae kimya, kaka. Siku hiyohiyo mjulishe kwa maandishi meneja wa RUWASA wa wilaya na afisa afya, ubaki na nakala. Kama ni E. koli, watangazieni watu wachemshe maji ya kunywa hadi sampuli ya marudio itoke safi. Kama ni floraidi au naitreti (chumvi inayotokana na kinyesi au mbolea), msiwaambie wachemshe; waelekezeni chanzo kingine, wakianza na wenye watoto wachanga.