Hita ya gesi ya maji: ifungwe uani, bafuni hapana

Watu wanacheka ukiwaambia Tanga kuna wanaotafuta maji ya moto, eti na joto lote hili, ila ngoja kusi ianze kuvuma Juni Julai halafu ndani uwe na mzazi katoka kujifungua au bibi anayelalamika miguu, utayatafuta mwenyewe. Wa Lushoto huko milimani hata tusiwaongelee. Sasa hita ya umeme inakula luku vibaya, ndo maana wengi wanaulizia hizi za gesi za kutundika ukutani, zile maji yanapita tu yanatoka ya moto hapohapo. Ni kitu kizuri sana ila kuna jambo moja mafundi wengi wanalichukulia poa, nalo ni hewa.

Gesi ikiungua penye hewa ya kutosha hamna neno. Ikiungua kwenye chumba kilichofungwa oksijeni inapungua na moto unaanza kutoa kabonimonoksaidi, na hiyo haina rangi wala harufu. Ile harufu ya gesi unayoijua imetiwa makusudi ili ikivuja uisikie, hii nyingine haina wa kukushtua. Na bafu zetu unazijua, kachumba kadogo, kidirisha kimoja juu ambacho mtu kashakiziba na mfuko mbu wasiingie. Kwa hiyo fundi akikwambia "bosi tuitundike humuhumu, bomba litakuwa fupi", mwambie asante fundi wangu, twende uani.

Kabla ya kununua soma kibandiko cha ubavuni. Tafuta neno LPG, yaani gesi ya mtungi, na kwenye nyingi za Kichina utaona 2800Pa, hiyo ni presha ya gesi. Ikiandikwa NG au 2000Pa hiyo ni ya gesi asilia ya bomba, ukiifunga kwenye mtungi wetu inawaka moto mkubwa wa njano na masizi juu, usiichukue hata kama ni mtumba wa bei ya kutupa. Angalia pia presha ya maji inayotaka. Tangi kila mita moja ya kwenda juu inakupa kama bar 0.1, sasa kama hita inataka 0.2 na simtanki lako limekaa usawa wa dari tu, haitawaka na utamlaumu muuzaji bure. Inua mnara au weka pampu ndogo.

Ukutani uani itundike usawa wa macho ili uone moto kwenye kile kidirisha chake, juu iwe na kibati cha kuzuia mvua, pembeni pasiwe na dirisha la chumba cha kulala maana moshi utarudi ndani. Ikiwa lazima ikae chini ya paa lililozibwa basi bomba la kutolea moshi litoke mpaka nje kabisa. Na kama unakaa Raskazone au Sahare karibu na bahari nunua bomba la stenlesi, bati la kawaida chumvi inalila, na upepo ukipiga moja kwa moja unazima moto, kwa hiyo chagua ukuta uliokingwa.

Mtungi wa kilo 15 unafaa zaidi kuliko ule wa 6. Hita ya lita 6 kwa dakika inakula karibu kilo moja ya gesi kwa saa, ukioga dakika kumi ni kama gramu 150, piga hesabu mwenyewe. Mtungi uusimamishe wima, usiulaze, na usiuweke karibu na chemba au shimo maana gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini inajikusanya humo. Rigleta, kile kifaa cha kwenye mtungi cha kupunguza presha, iwe ya presha ndogo, siyo ile ya majiko makubwa ya mama ntilie. Mpira uwe wa gesi, siyo wa maji, mfupi, na klipu pande zote mbili.

Ukimaliza kufunga koroga omo na maji kidogo mpaka povu lije, fungua gesi, paka kila kiungo na uangalie kwa utulivu. Kipovu kikivimba polepole pembeni ya klipu, hata kidogo kama punje ya mtama, panavuja, funga gesi ukaze upya. Kiberiti marufuku jamani, nimeona mtu mzima anamulika na kiberiti.

Kuwasha ni rahisi, weka betri, fungua gesi, fungua maji, utasikia ta-ta-ta-ta halafu moto unashika. Mara ya kwanza mpira una hewa kwa hiyo inaweza kugoma. Ikigoma funga yote usubiri dakika kadhaa gesi iliyotoka itawanyike, usiendelee tu kujaribu. Moto uwe wa bluu. Ukiwa njano zima umwite fundi.

Ukisikia harufu funga mtungi, fungua milango, toa watu, swichi usiiguse, si kuwasha wala kuzima, na ukiwa nje piga 114 zimamoto. Na mtu akitoka kuoga anasema kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, huku kwetu haraka tutasema malaria au jini kapita, mtoe nje kwanza apate hewa, zima hita, halafu mbio hospitali ya Bombo na uwaambie madaktari kuna hita ya gesi.

Hita za gesi za kusimama za kupashia chumba joto, ndugu zangu wa Lushoto, dirisha liachwe wazi kidogo na izimwe kabla ya kulala. Jiko la mkaa chumbani ndo usithubutu kabisa.

Matunzo siyo mengi. Masika maji yakija na tope safisha kile kichujio cha maji yanapoingilia, mpira ukianza kupasuka badilisha, buibui nao wanapenda kujenga kwenye kichomeo, kwa hiyo fundi aifungue aipulize mara moja kwa mwaka. Ukisafiri funga mtungi na utoe betri, zikivuja zinakula vile vibati na spea yake si rahisi kuipata.