Jinsi ya kusoma ripoti ya ajali za jiji ili mtaa wako urekebishwe

Watu wengi wakitaka mtaa wao urekebishwe wanaanza na malalamiko, "magari yanakimbia sana hapa jamani", wanajibiwa asante tumepokea na imeishia hapo. Malalamiko ni ya kweli kabisa ila idara ya usafiri ya jiji inafanya kazi kwa namba, na namba nyingi wanazitoa wao wenyewe kila mwaka, kwa hiyo ukijua kuzisoma unawarudishia za kwao na hapo inakuwa ngumu kukupuuza.

Kwanza jua nani anafanya nini, manake hapa ndo miezi inapotea. Kwa kawaida idara inashika barabara yenyewe: zebra, taa, matuta, alama, upana wa njia. Polisi wanakamata wanaokimbiza magari na mara nyingi ndo wanaojaza fomu ya ajali, halafu idara inachukua fomu hizo na kutengeneza ripoti. Kikomo cha spidi kinaweza kuamuliwa na ngazi iliyo juu ya wote wawili. New York mwaka 2014 walishusha kikomo cha kawaida kutoka maili 30 kwa saa hadi 25, lakini ilibidi kwanza bunge la jimbo liwaruhusu. Kwa hiyo uliza kabisa, hiki ninachoomba nani anasaini?

Sasa ripoti. Ukurasa wa mbele utakuta jumla ya vifo vya jiji zima, imepanda au imeshuka, usikae sana hapo. Angalia kifo wanakihesabu vipi, sehemu nyingi ni mtu aliyefariki ndani ya siku 30 baada ya ajali. Halafu nenda kwa majeruhi wa hali mbaya, hiyo namba naiamini zaidi kwa mtaa mmoja, kwa sababu vifo vya mtaa mmoja ni vichache (tunashukuru) na mwaka mmoja vinaweza kuwa sifuri, mwaka unaofuata viwili, bila chochote kubadilika pale barabarani. Chukua miaka 5 ujumlishe. Kama jiji linatoa data ghafi, kama New York wanavyoweka migongano iliyoripotiwa na polisi, na tarehe na mahali, chuja mtaa wako tu na uandike ni saa ngapi, nani aliumia, mpita njia, wa baiskeli au wa ndani ya gari, na gari lilikuwa linanyoosha au linakata kona.

Na hapa nisikilize vizuri. Ramani ya ajali ikiwa haina alama mtaani kwako haimaanishi pako salama. Pengine wazee wameacha kuvuka pale, watoto wanazungushwa njia ya mbali, na migongano midogo haikuripotiwa kabisa. Mtaa uliotelekezwa kwa woga unaonekana msafi kwenye ripoti na mimi hii inaniuma sana. Dawa yake ni kuomba kipimo cha spidi. Mainjinia wana namba yao, ile spidi ambayo magari 85 kati ya 100 hayaizidi, omba hiyo. Kikomo kikiwa kilomita 30 kwa saa na namba ikaja 48 una hoja hata kama hajafa mtu, kwa sababu nguvu ya mgongano inapanda kwa kipeo cha pili cha spidi, yaani gari la 60 linagonga kwa nishati mara nne ya la 30.

Barua iwe fupi. Taja makutano yenyewe, namba zako, spidi, halafu omba kitu kinachojengeka, usiombe "usalama". Omba kisiwa cha kusimama wanaovuka katikati ya barabara, au kona ifanywe kali zaidi ili gari lipunguze mwendo kabla ya kukata, au maegesho yaondolewe karibu na zebra watu waonekane, au taa ya wapita njia iwake sekunde chache kabla ya ya magari. Hii ya mwisho ni rahisi sana mahali penye taa tayari. Omba jibu la maandishi lenye tarehe, na wakikataa waandike sababu.

Wakikwambia ajali bado hazijatosha, wakumbushe Sweden mwaka 1997, bunge lao lilipitisha kwamba lengo ni sifuri na kwamba anayebuni barabara naye anabeba jukumu, sio dereva peke yake. Na Oslo mwaka 2019 hakuna mpita njia wala mwendesha baiskeli aliyekufa barabarani mwaka mzima.

Wakishajenga usilale. Omba kipimo cha spidi tena, mahali palepale, siku kama zile na saa zilezile, uweke pembeni ya kile cha kwanza, manake ukipima jumapili asubuhi na cha mwanzo kilikuwa jumatatu jioni hujalinganisha kitu.