Jinsi ya kuangalia Moonraker na kuifaidi

Tuelewane mapema, hii siyo filamu nzuri. Ni James Bond ya mwaka 1979, stelingi ni Roger Moore, na ndani ya masaa mawili na ushee inakuzungusha California, Venice, Rio, msitu wa Amazon halafu inakurusha anga za juu kwenye vita vya bunduki za leza. Ukikaa kuiangalia kama filamu ya ujasusi ya kweli kweli utazima tivii mapema sana. Ila ukiijulia, ni tamu balaa.

Kwanza ujue imekuwaje ikawa hivi. Bond iliyotangulia, ya 1977, mwishoni kabisa iliandika kwamba inayofuata itakuwa For Your Eyes Only. Sasa mwaka huohuo Star Wars, filamu ya vita vya anga za juu, ikatoka, ikafagia hela dunia nzima, maprodyuza wakabadili gia angani, nasi tupelekwe anga za juu! Kwahiyo ukiona jasusi wa Uingereza kavaa nguo za mwanaanga usishangae, ni biashara tu hiyo.

Pili, chagua watu wa kuangalia nao. Yule mshkaji wa "sasa hapo imewezekanaje" asije, mwambie umeme umekatika. Alika wanaocheka kwa sauti, bisi ziwe nyingi.

Usichelewe mwanzo, tafadhali. Dakika za mwanzo Bond anasukumwa nje ya ndege hana parachuti, anamfata mwenye nalo hukohuko hewani anampokonya, na nyingi ya zile picha ni wataalamu wanaruka kweli, siyo ujanja wa studio. Halafu anatokea Jaws, lile jitu la meno ya chuma, anavuta kamba ya parachuti lake inakatika mkononi, anaiangalia, kisha anaanza kupiga mikono kama ndege, haisaidii kitu, anaangukia juu ya hema la sarakasi na mnajua kabisa hajafa. Hapo ndo filamu imekuambia sheria zake, ukicheka umepita, ukikasirika kalale.

Stori usiifatilie sana. Tajiri Hugo Drax anatengeneza vyombo vya anga, kimoja kinaazimwa na Waingereza, anakiiba mwenyewe kwa sababu chake kingine kimeharibika, alafu lengo ni kuua binadamu wote kwa sumu ya ua la okidi abaki na watu wazuri wazuri aliowachagua. Basi. Cha kufatilia ni Michael Lonsdale anavyomcheza huyo Drax, haongei kwa nguvu hata siku moja, anaagiza mtu auawe kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Venice kaa na rimoti mkononi. Mtumbwi wa Bond unatoka majini, unafura chini, unapanda Uwanja wa Mtakatifu Marko na yeye kakaa na suti yake wala hana habari, na katikati ya watu wanaoshangaa kuna njiwa, NJIWA, naye anageuza kichwa mara mbili kama haamini macho yake. Rudisha nyuma. Utaona kabisa ni kipande kimoja kimechezwa mbele na nyuma, mhariri mtu mzima alikaa akafanya hiyo kazi na akalipwa. Mimi hiki ndo kipande ninachokipenda kuliko vyote na sioni aibu.

Kuna sehemu mbili lakini mnyamaze, maana ghafla inakuwa filamu nzuri. Moja ni Bond anapofungwa kwenye ile mashine ya kuzungusha wanaanga, anatoka anapepesuka, wala hana utani. Nyingine ni Corinne, rubani wa Drax aliyemsaidia Bond, anavyokimbizwa msituni na mbwa wa Drax, hiyo inatisha hasa.

Chai ipikwe pale Bond anapovaa ponjo na kupanda farasi, hamtapitwa na kitu. Ila rudini haraka, maana Jaws mapenzi yanamkuta, kabinti kafupi ka miwani na nywele za kusuka, na karibu na mwisho ndo Jaws anafungua mdomo kusema sentensi yake pekee filamu nzima. Mkifika anga za juu angalieni vile vyombo vinavyopaa, hakuna kompyuta pale, ni vimodeli vidogo, filamu inarudishwa nyuma ndani ya kamera inapigwa tena juu ya ileile mara kibao, na iliingia kwenye kuwania Oscar kwa hiyo kazi. Na chombo cha anga cha kweli cha Marekani kilikuwa bado hakijafika anga za juu, kimefika 1981.

Kama mko na wazee sebuleni, rimoti irudi mkononi mambo ya Drax yakishaisha. Bond na Dokta Goodhead, yule mwanaanga wa kike aliyekuwa naye, wanaelea chini ya shuka, kamera inawaonyesha laivu hadi kwa waziri, na utani wa Q, yule fundi wa vifaa vya Bond, unaofata ni bora baba mkwe awe ameshaenda kulala.