Mwanafunzi akipandishwa timu, mwangalie hivi

Ninafundisha riadha na mpira wa wavu kwa wanafunzi, na kipindi kinachonitia wasiwasi kuliko fainali ni majuma ya kwanza baada ya mtoto kuchaguliwa timu ya juu. Jana alikuwa nyota wa shule, leo yuko benchi katikati ya manyota, na mitihani iko palepale.

Anza na usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku. Ukimuuliza kama amelala vizuri atakujibu "ndiyo, kocha" huku macho yamemwiva. Muulize alilala saa ngapi, akaamka saa ngapi. Kama mazoezi ya alfajiri ndiyo yanayomnyima usingizi, yasogeze.

Usimpime uzito mbele ya wenzake. Anayekula pungufu ya nguvu anazotumia, awe mvulana au msichana, mifupa yake hudhoofika na majeraha humwandama. Msichana akikosa hedhi miezi 3 mfululizo, aonane na daktari. Asidanganywe kwamba ndiyo kuwa fiti. Aliyegongwa kichwa akaonekana kuduwaa harudi uwanjani siku hiyo, hata akilia.

Mambo ya moyoni yanataka faragha. Mimi huuliza tukiwa wawili tunakusanya mipira, kwa sababu mikono ikiwa na kazi maneno hutoka. Aliyeumia ndiye ninayemfuatilia zaidi: humpa saa ya kupimia muda, abaki na wenzake, maana kumwacha nyumbani ni kumwondolea timu na marafiki kwa mpigo mmoja. Huzuni ikizidi wiki 2, mpeleke kwa mshauri nasaha. Akitaja kutaka kufa, usimwache peke yake. Tafuta msaada saa hiyohiyo.

Wanaoogopa kusema wamechoka, mimi huwatajia Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani. Mwaka 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, alijitoa katikati ya fainali ya timu kulinda akili na mwili wake. Paris 2024 akatwaa dhahabu 3.

Mwisho, mzigo. Mwanafunzi mwenye timu mbili ana makocha wawili, na kila mmoja huhesabu mazoezi yake tu. Mpigie mwenzako kabla wiki haijaanza, mlinganishe ratiba na mitihani, kisha mchague siku moja ambayo hakuna kati yenu atakayemwita.