Somo: Akogo ya kopo la rangi, na kwa nini sauti yake hutoka nyembamba kwenye spika

Ninaandika somo hili kwa sababu nimechoka kujibu swali lilelile kila wiki, nalo ni hili: "Mbona akogo yangu inalia vizuri mkononi, lakini nikiichomeka kwenye spika inakuwa kama redio iliyofungiwa ndani ya chupa?" Kuanzia leo, atakayeuliza nitamwelekeza hapa.

Chombo chenyewe ni akogo ya Wateso, ile ala ya vidole yenye ndimi za chuma, isipokuwa mimi nimeacha sanduku la mbao na kutumia kopo tupu la rangi la lita 4.

Hatua ya 1. Osheni kopo, kisha fungeni ubao mgumu wa unene wa sentimita moja juu ya mdomo wake kwa skrubu.

Hatua ya 2. Kateni spoki za baiskeli na kuziponda upande mmoja kwa nyundo mpaka ziwe bapa; hizo ndizo ndimi. Spoki kuukuu zinafaa kama mpya.

Hatua ya 3. Lazeni ndimi juu ya vijiti viwili vya chuma, halafu zibaneni katikati kwa kijiti cha tatu chenye bolti. Msikaze sana, kwa maana mtazisogeza wakati wa kupatanisha sauti.

Hatua ya 4. Tafuteni kisahani cha piezo, kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, yaani kile kiduara cha shaba ya njano chenye weupe wa kauri katikati. Kimo ndani ya kadi za salamu zinazoimba, midoli ya watoto na simu za mezani zilizokufa. Ninachotumia mimi kina kipenyo cha milimita 27.

Hatua ya 5. Kuunga waya kwa solda. Hapa someni polepole, kwa sababu hapa niliharibu visahani saba katika jioni moja. Solda ilikataa kushika kwenye ule weupe, nami nikadhani chuma changu cha kuyeyushia solda hakijapata moto wa kutosha, nikakikandamiza na kuhesabu mpaka kumi. Nilipokiinua, utando wa fedha uliokuwa juu ya kauri ulikuwa umetoweka, umeyeyukia ndani ya solda, ukaacha kidonda cha kijivu ambacho hakuna solda itakayokishika tena. Hata visahani vilivyosalimika vilitoa sauti hafifu, kwa kuwa joto likizidi huiondolea kauri ile nguvu ya kugeuza mtikisiko kuwa umeme. Kwa hiyo pakeni solda kwenye ncha ya waya kwanza. Chuma kikiwa na moto kamili, gusisheni waya karibu na ukingo wa ule weupe kwa sekunde moja tu, kisha ondoeni. Ikikataa, acheni kipoe na mjaribu mahali pengine. Waya wa pili unakaa kwenye shaba, ambayo inataka kukwaruzwa kwa msasa na inavumilia moto zaidi. Msikipinde kisahani, kwa maana kauri ikipata ufa itakwaruza masikioni daima. Wala msiipige tupa kauri hiyo: ina madini ya risasi ndani yake, na vumbi lake si la kuvuta wala la kuachwa mahali wanapocheza watoto.

Hatua ya 6. Gandisheni upande wa shaba chini ya ubao, karibu na vijiti, kwa gundi ngumu iliyopakwa nyembamba. Gundi laini ya madirisha humeza sauti za juu. Ule waya ulioungwa kwenye shaba uunganisheni pia na kopo lenyewe, ili bati liwe kinga dhidi ya mvumo wa umeme wa nyumbani.

Hatua ya 7, ambayo ndiyo jibu la swali lenu. Kisahani cha ukubwa huu hufanya kazi kama kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) ya takriban nanofaradi 20. Mkikichomeka kwenye tundu la mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) lenye ukinzani wa kiloomu 10, sauti zote zilizo chini ya hezi 800 hivi huanza kufifia. Ulimi wangu mrefu kuliko wote hulia kwenye hezi 220, hivyo sehemu kubwa ya mzizi wa sauti yake hupotea, na linalobaki ni lile kwaru la ukucha. Mkikichomeka kwenye amplifaya ya gitaa, ambayo kwa kawaida ina ukinzani wa megaomu 1, mpaka huo hushuka hadi hezi 8, chini ya uwezo wa sikio la binadamu. Asiye na amplifaya ya gitaa ajenge kikuza sauti kidogo cha kutangulia, kwa chipu ya TL072 na betri ya volti 9, aweke kizuizi cha megaomu 1 kwenye ingizo lake.

MASWALI

Mwanachama wa Luwero: Ssebo, nimefuata hatua zote lakini sauti bado ni nyembamba.

Jibu: Hujasema umechomeka wapi.

Mwanachama wa Luwero: Kwenye mikisa ya kanisa, tena ni mikisa ya gharama kubwa.

Jibu: Bei yake haihusiani na hatua ya 7, ambayo ni dhahiri hukuisoma. Tafuta kwenye mikisa hiyo tundu lenye alama ya gitaa.

Mwanachama wa Mbale: Unaiuza shilingi ngapi?

Jibu: Siuzi. Hili ni somo.

Mwanachama wa Soroti: Shikamoo mwalimu. Je, kuna kanuni ya urefu wa ndimi, au ni kubahatisha tu?

Jibu: Marahaba, dada, na asante kwa swali. Kanuni ipo. Ukipunguza urefu wa ulimi kuwa nusu, sauti hupanda oktava mbili, wala si moja kama kwenye uzi wa gitaa. Ukitaka oktava moja, ulimi wa sentimita 10 uupunguze hadi sentimita 7.1, mradi unene ni uleule. Ukiuponda zaidi ukawa mwembamba, sauti hushuka. Tone la nta kwenye ncha huishusha pia, na ncha ikipigwa tupa kidogo hupanda.

Mwanachama wa Soroti: Babu yangu huvisha ndimi vipete vya bati ili zivume. Kisahani kitausikia mvumo huo?

Jibu: Kitausikia mno, kuliko sikio lako. Anza na kipete kimoja.

Mwanachama wa Jinja: Nataka kugeuza lango la mabati liwe ala, kila apitaye alipige na kusikia sauti yake ikirudi imebadilika. Visahani vinne vinatosha?

Jibu: Vinatosha, ila kila kimoja kipe njia yake, kwa sababu ukiviunga pamoja vile vilivyo kimya vitapunguza nguvu ya kile kinachopigwa. Mtu akilipiga lango kwa jiwe, kisahani kinaweza kutoa makumi ya volti na kuua chipu, kwa hiyo weka diodi mbili za zena (zinazozuia volti kuzidi kiwango) za volti 5.1, zikitazamana kinyume, kati ya waya wa ishara na ardhi, yaani waya wa upande wa shaba. Ukisikia mvumo, chomoa chaja ya kompyuta kabla ya kulaumu waya zako.

Mwanachama wa Pakwach: Sisi huku ni watu wa adungu, kile kinubi chenye ngozi. Kisahani nikiweke wapi?

Jibu: Kaka, usikiweke katikati ya ngozi, maana uzito wake utaizuia kutikisika. Jaribu kando ya ule mti ambamo nyuzi zimefungwa. Kibandike kwanza kwa nta ya nyuki, piga uzi mmoja, sogeza kidogo, piga tena, mpaka upate mahali ambapo uzi mnene na uzi mwembamba zinatoka sawa. Mahali hapo pawekee alama ya penseli kabla ya kubandua nta. Mimi sikuweka, nikapatafuta tena kwa siku mbili.