Usiliache neno la mlangoni: ya kuandaa kabla hujaingia kwa daktari

Kwenye kliniki ya presha anakohudhuria mama yangu, daktari kijana humwamkia kwanza: "Shikamoo mama, unaendeleaje?" Naye hujibu kama alivyolelewa: "Marahaba mwanangu, naendelea vizuri, namshukuru Mungu." Kwa mama hiyo ni adabu tu, salamu imejibiwa. Kwa daktari mwenye foleni iliyofika mpaka nje, hayo ndiyo maelezo ya mgonjwa. Anaandika kwamba hakuna tatizo, anarudia dawa zilezile, anaita anayefuata.

Miezi kadhaa mama alikohoa kikohozi kikavu, kikali zaidi usiku. Tukamnunulia dawa ya maji, akapewa antibayotiki mahali pengine, akapimwa makohozi kwa hofu ya TB. Hakuna kilichoonekana. Siku moja, mkono uko kwenye kitasa, akageuka: "Na hiki kikohozi, mwanangu, tangu mlivyonianzishia vile vidonge vipya." Daktari akamrudisha kitini. Vidonge vile vilikuwa enalapril, na kundi hilo la dawa za presha linajulikana kuwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu. Akabadilishiwa, na baada ya wiki chache kifua kikatulia.

Tangu hapo naliita neno la mlangoni: lile lililokupeleka hospitali hasa, ambalo unalitoa wakati umeshaaga. Kujiandaa kwenyewe ni kulitoa mlangoni na kulileta mezani, liwe sentensi ya kwanza baada ya salamu. Usiku wa kabla, liandike kwenye karatasi au kwenye simu: linakusumbua nini, lilianza lini, linazidi wakati gani, na unaogopa ni nini. Hilo la mwisho watu hulificha sana. Kama shangazi yako alifariki kwa saratani ya matiti na wewe umegusa kauvimbe, sema yote mawili kwa pamoja. Daktari hawezi kuiona hofu yako.

Chagua na maneno. Kiswahili chetu cha maradhi ni kipana mno. "Tumbo" linaweza kuwa chembe ya moyo, utumbo au kizazi. "Homa" kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwingine ni uchovu tu na mwili kuuma. Weka kidole panapouma. Badala ya "nachoka sana," sema "zamani nilikuwa napanda ngazi za nyumbani bila kupumzika, sasa nasimama katikati."

Dawa zote ziende na wewe ndani ya mfuko, na pakiti zake. Nikisema zote namaanisha na za duka la dawa mtaani, na za uzazi wa mpango, na ile chupa ya mitishamba uliyoletewa kutoka kijijini. Najua kwa nini watu huiacha nyumbani: wameshafokewa. Lakini diklofenaki unayomeza kila siku kwa ajili ya magoti inaweza kupandisha presha na kuumiza figo, na daktari asipojua ataongeza dawa ya presha bure. Kama unaruka dozi, sema unaruka, na sema sababu, hata kama ni fedha. Mama naye, kumbe, siku nyingine alikuwa havigusi vile vidonge akitaka alale bila kukohoa. Na kama mwili uliwahi kukuwasha au kutoka malengelenge baada ya Septrini au dawa nyingine yenye salfa, hilo litaje hata usipoulizwa.

Kadi ya bima, barua ya rufaa na majibu ya vipimo vya zamani nadhani kila mtu anakumbuka, isipokuwa siku anayovihitaji. Viweke kwenye bahasha moja.

Asubuhi ya kliniki ya presha, meza dawa zako kama kawaida, labda kama umeambiwa vingine. Wengi huziacha kwa kudhani kila kipimo kinataka tumbo tupu. Kipimo cha sukari kabla ya kula ndicho kinachotaka ukae angalau saa 8 bila chakula, maji yanaruhusiwa. Anayetumia dawa za sukari au insulini aulize mapema azifanyeje asubuhi hiyo, asiamue mwenyewe. Kwenye presha, usipimwe ukiwa umetoka kukimbilia daladala. Kaa dakika 5, nenda haja kwanza kama umebanwa, kahawa iwe imepita nusu saa au zaidi. Unaruhusiwa kumwambia sista, "Naomba nipumzike kidogo kwanza." Kisha uliza namba na uiandike. Ukijibiwa "iko juu kidogo," hujajibiwa; 142 na 178 zote ziko juu.

Ukienda na mtu, mpangie kazi kabla. Mimi kazi yangu ni kuandika na kunyamaza, na nimejifunza kwa taabu, maana zamani nilikuwa namjibia mama maswali yote. Mkubaliane pia ni wakati gani atoke nje. Kuna mambo ya uzazi, ya ndoa na ya virusi ambayo hutayasema mbele ya mwanao wala mumeo, na huna haja ya kueleza kwa nini. "Naomba nizungumze na daktari peke yangu" inatosha. Vivyo hivyo mlango ukiwa wazi unaomba ufungwe, na mwanamke anayekaguliwa na daktari wa kiume anaweza kuomba sista awepo.

Wengi wetu tunaona kumuuliza daktari ni kumpima ujuzi. Kwa hiyo andaa maneno yenye heshima ambayo hayatakukwama kooni: "Samahani daktari, hapo sijaelewa, naomba unieleze tena." "Hiki kipimo kinatafuta nini, na majibu yake yatabadilisha nini kwenye matibabu?" "Nikiona dalili gani nisingoje tarehe ya kurudi?" Ukiletewa fomu ya ridhaa ya upasuaji, kalamu isubiri mpaka ujue wanakata nini na kuna njia gani nyingine. Ukiona hukusikilizwa kabisa, usimalizie hasira kwa sista wa mapokezi. Kwenye hospitali za serikali muulizie mganga mfawidhi au afisa ustawi wa jamii, ukiwa na tarehe na jina la chumba ulichoingia.

Halafu dirisha la dawa, ambako umeshachoka na unataka kwenda nyumbani. Bahasha imeandikwa 1 x 3. Maana yake kidonge kimoja mara tatu kwa siku, lakini nimewaona watu wakimeza vitatu kwa mkupuo, na wengine wakivimaliza vyote kati ya chai na chakula cha jioni. Kama ni antibayotiki ya kila saa 8, mwambie mtoa dawa akuandikie saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Mama bahasha zake huwa hazipokei mpaka zimeandikwa hivyo, kwa herufi kubwa.